Budimir na Uso wa Mhandisi Asiyekuwa na Picha

Ijumaa tarehe 29 Novemba 2024, saa tisa alasiri, Budimir Lazović atatundika aproni yake kwenye msumari uleule alioupigilia mwenyewe mwaka 1986. Miaka thelathini na minane katika karakana moja. Msumari umepinda, yeye bado.

Alipoingia tulikuwa tunachapa vibao vya bati: namba za nyumba, na lile fuvu la "Hatari ya Umeme". Budimir alilitia fuvu meno mazuri hata mafundi umeme wakaacha kuliogopa. Oda za mafuvu zilipokauka, tukageukia mapambo ya ukutani: waasisi wa uhandisi, watu wa injini za mvuke, wa reli na wa madaraja, waliochapwa juu ya bati la alumini. Leo wametundikwa kwenye ofisi za wahandisi, kwa vinyozi na kwa madaktari wa meno, Serbia nzima na ng'ambo.

Kazi ya Budimir ni kusafisha sura. Picha za kale hufika zimefifia na kuliwa na mende, naye kwa kalamu na kioo cha kukuzia huwarudishia mabwana hao pua zao, huwashonea vifungo, huwachana nywele. Shule moja ilimtaka mjenzi wa reli asiye na sigara mdomoni, akaiondoa. Wiki iliyofuata chama cha reli kikamtaka na sigara yake. Akairudisha, ila moto ukawa upande wa mdomoni. Mabati arobaini yalitoka mhandisi akila kaa la moto. Yote yaliuzwa.

Chakula cha mchana hula mkate na pilipili hoho za siki, amewaelekea wahandisi ukutani, mgongo kwetu.

"Budo, geuka ule na walio hai!" humpigia kelele Desanka wa mashine ya joto.

"Hawa hawaniombi chumvi," hujibu bila kugeuka.

Tulicheka miaka mingi. Kumbe tulikuwa tunacheka mgongo wa mtu.

Mwaka 2005 mji wetu uliagiza mabati ya Mhandisi Jeftimije Stanojlović, aliyetujengea daraja la chuma. Shida moja tu: picha yake haikuwepo popote. "Mtieni sharubu," akasema mkurugenzi wa wakati ule, "nani atajua?" Kesho yake Budimir akaja na uso kamili: kijana mwembamba, nyusi zilizokutana, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Wazee wa mji wakaapa kuwa ndiye. Mmoja alidai marehemu babu yake alimweleza hivyohivyo. Bati lile likauzwa kuliko yote.

Uso ule ni wa Vitomir, mdogo wake Budimir. Mwaka 1993 Budimir aliukata mti wa jozi wa baba yao bila kumwuliza mwenzake. Wakatupiana maneno, Vitomir akapanda basi la Ujerumani, hakuandika tena.

Sasa, sote tunajua slava haina kualika. Siku hiyo ya mtakatifu mlinzi wa nyumba mlango hauna ufunguo. Anayekujua anakuja mwenyewe, na kumwandikia mtu "njoo" ni kuiaibisha nyumba. Slava ya akina Lazović ni Mtakatifu Nikola, tarehe 19 Desemba. Budimir, mwenye kichwa kigumu kuliko bati, akajificha nyuma ya desturi hiyo. Kila mwaka huoka samaki, huwasha mshumaa, huweka viti viwili. Cha pili hukikalia mimi, Miloje wa kufungasha, kwa kuwa mwingine haji, na kila gari likipita nje Budimir hunitazama kama niliyekalia kiti cha watu.

Budimir hakumwalika ndugu yake. Alimtundika ukutani. Na kila oda ya Ujerumani alikuja kuifunga kwa mkono wake.

Machi mwaka huu mwenye mkahawa mmoja wa Waserbia, huko Stuttgart, alituandikia: "Jamani, kibati chenu kinanitisha. Kuna mtu mzima mmoja, kila Jumapili anakaa chini ya huyo mhandisi, anaagiza glasi mbili za rakija, anakunywa moja, haongei na mtu. Na nyusi zao ni zilezile!"

Nikamsomea Budimir. Akaiweka kalamu chini.

"Ile nyingine anaifanyaje?"

"Hakuandika."

Akarudi kwenye kioo chake.

Septemba, paroko wetu akaipata picha ya kweli ya Mhandisi Jeftimije ndani ya kitabu cha ubatizo: mnene, mwenye upara, ndevu hadi kifuani. Mkurugenzi wetu, Bibi Ranka, binti mwadilifu, akaamuru kila mnunuzi apelekewe bati jipya na la zamani lirudi. "Mhandisi ni mhandisi, mzee Budimir," alimwambia, "si ndugu wa mtu." Hakujua anasema nini. Kazi ya mwisho ya Budimir ilikuwa kuzisafisha zile ndevu, unywele kwa unywele. Ule uso mwingine aliufuta mwenyewe. Sijapata kumwona akifanya kazi taratibu namna ile.

Orodha ya wanaobadilishiwa iko mezani kwangu. Mkahawa wa Stuttgart ni wa kumi na nne. Bibi Ranka kasema mzigo utoke, na utatoka. Ila bati jipya halisafiri uchi, litakwaruzika. Lazima livikwe karatasi, na karatasi niliyo nayo ni jarida hili la karakana yetu, lenye habari hii.

Basi wewe unayeunyoosha ukurasa huu uliokunjamana hapo mezani penye glasi mbili: huu si mwaliko. Kwetu hakuna kualika. Ni taarifa ya kazini tu, kwamba Budimir Lazović amestaafu, sasa anashinda nyumbani, alipanda mti mwingine wa jozi palepale na umeshazaa, na kwamba tarehe 19 Desemba mimi nitashikwa na mafua. Kiti kitakuwa wazi.

Asante, Budo, kwa pua zote ulizotuokolea. Karakana nzima inakuombea uzee wenye kelele, na mtu wa kukuomba chumvi.