Nyama Chini ya Taa Nyekundu

Hesbon: Haloo? Haloo, hii ni namba ya nani?

Phelista: Ni mimi.

Hesbon: Mimi nani? Hapa ni bucha. Kama unataka maini, imeisha—

Phelista: Hesbon, ni Phelista. Dada yako. Natumia simu ya Mary Ann, huyu jirani. Yangu siwezi kuishika.

Hesbon: Aah, Mwalimu. Sasa. Huko mtaani Tuwan mmeamkaje? Ule mguu wa ng'ombe umefika?

Phelista: Umefika.

Hesbon: Si nilikwambia gari ya saa moja haichelewi. Na kina mama wa kanisa?

Phelista: Wako hapa uani, walikuja mapema tukate nyama pamoja. Nikafungua gunia mbele yao. Hesbon, nimenawa na sabuni ya kipande, nikanawa na majivu, nikanawa na ndimu. Bado mikono inanuka. Ndiyo maana Mary Ann ananishikia simu kwa sikio kama mgonjwa.

Hesbon: Haloo? Unakatika. Nini inanuka?

Phelista: Nyama yako.

Hesbon: Ati?

Phelista: Imeoza. Ina utelezi kama kamasi, na kwa paja imekuwa kijani. Mama mmoja ametapika kwa mboga zangu za sukuma. Mimi mwenyewe nimejizuia tu kwa sababu mimi ndiye mwenye nyumba.

Hesbon: Mama Ian, ngoja. Hiyo mguu nimeitoa kwa ndoano leo asubuhi na mikono yangu. Ilikuwa nyekundu kabisa. Safi.

Phelista: Nyekundu chini ya taa gani?

Hesbon: Taa ya bucha tu.

Phelista: Hesbon. Umeweka ile balbu nyekundu?

Hesbon: Kila bucha hapa Bungoma iko nayo, bana. Mteja anapenda kuona nyama imechangamka.

Phelista: Na stima si ilipotea huko kwenu? Mke wako aliniambia.

Hesbon: Ilipotea Jumatano, ikarudi jana Ijumaa. Siku mbili tu. Kuwasha taa, nikaangalia kila kipande, hakuna kitu nimeona. Iko tu alama nyeusi kidogo kwa paja, nikasema ni damu imekauka.

Phelista: Hiyo alama nyeusi ndiyo kijani. Mwanga mwekundu ukipiga kitu cha kijani, hakirudishi kitu, kinaonekana cheusi. Hiyo nilikufundisha na karatasi za rangi, ukiwa kidato cha tatu, tukiwa tumefunga madirisha na blanketi.

Hesbon: Ndiyo hiyo sasa. Ni wewe ulinifundisha rangi haiko kwa kitu. Iko kwa mwanga na kwa jicho. Sasa unaniuliza nini? Kwangu ni nyekundu, kwako ni kijani. Jua yenyewe ni taa tu. Nani alisema jua ndiyo taa ya kweli na ya kwangu ni ya uongo?

Phelista: Usianze.

Hesbon: Nauliza tu. Miezi kumi na nane ya falsafa pale seminari sikuenda kulala. Hakuna mtu amewahi kuona nyama yenyewe, Mwalimu. Tunaona vile inaonekana, basi. Hata harufu, hiyo ni akili inatengeneza—

Phelista: Na funza? Funza ni akili yangu imetengeneza?

Hesbon: Funza?

Phelista: Karibu na mfupa. Wanatembea. Wewe unaniletea falsafa na mimi niko na funza kwa karai. Nilikufundisha mwanga ili usidanganywe, sasa wewe ndiye unadanganya watu nao. Naona aibu hata kusema tumenyonya titi moja.

Hesbon: Hiyo ni kali, Mama Ian.

Phelista: Bado sijamaliza. Unataka kujua kitu cha kweli ni gani? Ni kile kinaendelea kuoza hata kama hakuna mtu anakiangalia. Siku mbili za giza, hakuna taa, hakuna jicho, hakuna mtu wa seminari, na hiyo nyama ilijua la kufanya.

Hesbon: [Simu inakwaruza.] Ngoja kidogo. Kuna mteja. Mzee Wamalwa, karibu. Nusu? Ya mifupa ama—

Phelista: Usimkatie.

Hesbon: Ni nusu kilo tu, Mwalimu—

Phelista: Hesbon, ukimkatia huyo mzee, sitakuja kwako tena mpaka mmoja wetu azikwe. Mwambie aende.

Hesbon: [Mbali na simu.] Mzee, rudi baadaye kidogo. Hapana, kisu imekuwa butu. [Anarudi.] Haya, ameenda. Wateja wenyewe siku hizi ni wachache, na wewe unafukuza aliyebaki.

Phelista: Huo mguu mwingine uko wapi?

Hesbon: Gani?

Phelista: Ng'ombe ana miguu miwili ya nyuma. Mmoja umeniletea mimi. Mwingine?

Hesbon: Matulo. Kwa Mama. Si leo wageni wa mdogo wetu Nasimiyu wanatoka Lwakhakha kuongea mambo ya mahari? Nilipeleka jana jioni mwenyewe na pikipiki.

Phelista: Wele wangu, Mungu wangu.

Hesbon: Lakini Mama amenipigia leo saa mbili asubuhi. Amesema nyama ni nzuri, nyororo, Mungu anibariki. Sasa Mama pia ni mwongo?

Phelista: Wanakula saa ngapi?

Hesbon: Saa saba.

Phelista: Sasa ni saa saba kasorobo. Mary Ann, tafadhali, bonyeza hiyo simu yangu kwa kiti, mwandikie Nasimiyu. Andika, ile nyama ya Hesbon isiliwe, imeoza, jibu haraka. Ndiyo, hivyo. Hesbon, mpigie Mama na ile laini yako nyingine.

Hesbon: Napiga. Aah, imezimwa.

Phelista: Watu wa Lwakhakha wakiharisha kwa boma yetu siku ya kwanza, unafikiri Nasimiyu ataolewa na nani?

Hesbon: Najua. Usinisukume.

Phelista: Umebakisha nyama ya huyo ng'ombe hapo?

Hesbon: Mbavu. Na bega moja.

Phelista: Ishushe.

Hesbon: Nimeshusha.

Phelista: Weka pua hapo. Nusa.

Hesbon: Nimenusa.

Phelista: Inanuka nini?

Hesbon: Nyama.

Phelista: Nusa vizuri.

Hesbon: Nyama tu, Mwalimu. Nyama ya kawaida.

Phelista: Mimi niko Kitale na naisikia kwa kucha zangu. Wewe umeiinamia na unaniambia nyama ya kawaida.

Hesbon: [Ananusa tena.]

Phelista: Kahawa umekunywa leo?

Hesbon: Nimekunywa.

Phelista: Ilikuwa na ladha gani?

Hesbon: Moto.

Phelista: Hesbon.

Hesbon: Ilikuwa moto, na sukari. Utamu wa sukari nasikia.

Phelista: Tangu lini?

Hesbon: Unakumbuka ile homa nililala nayo wiki tatu? Ikaenda na pua. Nikasema itarudi. Mwaka wa kwanza nikangoja, wa pili nikazoea. Sasa ni wa nne.

Phelista: Na mke wako anajua?

Hesbon: Nitamwambia nini? Ati mwenye bucha hana pua? Hiyo maneno ikifika sokoni, nimefunga. Mimi nikakata shauri nitatumia macho. Macho iko sawa kabisa.

Phelista: Macho, halafu ukayawekea taa nyekundu.

Hesbon: Taa ilikuwa ya wateja.

Phelista: Na wewe ulisimama wapi ukiangalia?

Hesbon: Chini yake. Kila siku chini yake. Ngoja. Ngoja, natoka nayo nje.

Phelista: Haloo? Unaenda wapi? Unakatika.

Hesbon: Niko nyuma, kwa jua. [Anageuza nyama.] Mwalimu.

Phelista: Niko.

Hesbon: Si hii ni... Hii ngozi ya juu inatoka na kidole. Ni kama usaha. Na hapa chini, hii nyeusi— ni kijani. Mbwa ya jirani amekuja, ameangalia, amerudi. Mbwa, Phelista.

Phelista: Usiishike na mikono.

Hesbon: Tayari nimeishika. Hata shati. Leo asubuhi nimekula mkate na hii mikono. [Anatema mate.] Nimewapa watoto chai na hii mikono. Kwani mimi ni mtu gani? Kile nilikuwa nakwambia hapo mbele, ya jua na taa, hebu futa. Nasikia uchafu kujisikiza mwenyewe.

Phelista: Basi. Pumua.

Hesbon: Pumua nini na mimi sisikii kitu? Ningekuwa nasikia, saa hii ningekuwa natapika kama mtu wa kawaida. Naona tu. Natamani kutapika na haiji.

Phelista: Kaa chini kidogo.

Hesbon: Saa ni ngapi?

Phelista: Saa saba kasoro dakika tano. Nasimiyu bado hajajibu.

Hesbon: Nichukue pikipiki? Mpaka Matulo, hata nikiruka, hiyo ni nusu saa. Watakuwa wamekula. Sikia, piga chifu. Piga mtu yeyote. Mwambie azuie sufuria, aseme ni mimi, aseme jina langu mbele ya wageni. Sijali tena—

Phelista: Ngoja. Imelia. Mary Ann, soma. Hapana, nionyeshe nisome mwenyewe.

Hesbon: Ni Nasimiyu? Anasema nini?

Phelista: [Anasoma.]

Hesbon: Mama Ian, anasema nini?

Phelista: Wageni wako sawa. Wanakula kuku.

Hesbon: Kuku?

Phelista: Mama alichinja kuku wanne asubuhi.

Hesbon: Wele awabariki hao kuku. Na nyama?

Phelista: Aliifukia jana usiku, ulipoondoka tu. Nyuma ya choo, akaweka na mawe juu mbwa wasifukue. Amesema usiambiwe.

Hesbon: Lakini alinipigia saa mbili. Akasema nyororo.

Phelista: Ndiyo.

Hesbon: Alinibariki, Phelista. Sikuomba, alinibariki mwenyewe.

Phelista: Nimesikia. Sasa fanya hivi. Funga mlango wa bucha, chimba shimo refu, umwagie chokaa. Na ile nyingine umeuzia watu tangu jana, utaenda nyumba kwa nyumba—

Hesbon: Na ile ya Pasaka? Nilimpelekea Mama mbavu mbili. Alisema hata majirani walionja.

Phelista: Sijui ya Pasaka. Mary Ann anasema airtime yake inaisha.

Hesbon: Na ile nilipika kwa mazishi ya jirani yetu, Baba Kiplangat? Watu walisema wameshiba kabla sijatoa sufuria ya pili. Wote wakashiba siku moja?

Phelista: Hesbon, utaniuliza nikija. Nakuja kesho baada ya kanisa. Tutaenda hospitali waangalie hiyo pua.

Hesbon: Mwalimu.

Phelista: Eeh.

Hesbon: Mwezi wa tatu nilikutumia kilo tano. Ukanipigia jioni. Ukasema mmekula na Ian mpaka mkalamba vidole.

Phelista: [Simu inakwaruza.]

Hesbon: Mliipika?

Phelista: Salimia watoto. Nawa mikono, Baba Nabwile, nawa na majivu—

Hesbon: Phelista, mliipika?

Phelista: Nilidhani ni siku moja tu mbaya, nikasema nisikuvunje moyo, sikujua utaendelea ku—

Hesbon: Haloo?

Hesbon: Haloo?