Akonkwa na farasi yake isiyo na chuma mukinywa

Wazazi, wakwe zetu, majirani wa Bagira na ninyi mulioshuka toka Mudaka, mimi koko yake Akonkwa, bibi aliyemulea, sikuingiaka shule, Yolande mujukuu wangu njo aliandika maneno yangu na yeye njo anawasomea, mimi niko nasimama hapa pembeni yake.

Akonkwa Ezéchiel alizaliwaka Mudaka tarehe 9 mwezi wa tano 1990, mama yake alituacha wiki ile ile, mutoto akakulia mugongoni kwangu, alisoma shule ya msingi Mudaka toka 1996 mpaka 2002, kisha sekondari hapa Bagira, akapata diploma ya mifugo mwaka 2009, na mwalimu wake akaniambia kwa kucheka, «Maman, uyu wako anasikilizana na ng'ombe kuliko na batu.»

Tarehe 3 mwezi wa pili 2011 aliingia kazi ya kutunza wanyama mu ferme ya muzee Emile, Mudaka, tarehe 22 mwezi wa nane 2015 alifunga ndoa na Bintu, aliye hapa mbele yetu, na Mungu akawapa Elodie mwaka 2017 na Luc mwaka 2020.

Mwaka 2023 muzee Emile alileta farasi jike ya miaka mitatu, inauma, inapiga teke, ilikuwa imekwisha kuangusha wafanyakazi wawili, wakaiita Jamais, kifaransa ya «hata siku moja», kwa sababu kila aliyetaka kuipanda ilimujibu vile. Wenzake walileta chuma ya kuitia mukinywa, Akonkwa akakataa, akaifunga kamba laini juu ya pua tu, miezi mitatu hakuipanda, alitembea nayo, akisimama inasimama, akirudi nyuma inarudi, kisha akaanza kulala juu ya mugongo yake kama gunia ya mihogo, akaifundisha kama mwili wake ukilegea, isimame papo hapo. Glody, mutu wa moto, anayebeba watu kwa pikipiki, alikuwa anamutania barabarani, «Grand, iyo kitu yako haina frein ya kuisimamisha!», na yeye anajibu, «Ya kwako njo ilikufa zamani, petit!»

Wengi walisema ni majivuno. Mimi nilimuuliza, akaniambia polepole, «Koko, unajua mikono yangu, siku moja itakaza bila mimi, chuma itapasula kinywa yake.» Nilijua. Wakwe zetu hamukujua, na sasa tumefika kwa ugonjwa.

Akonkwa alikuwa na kifafa toka akiwa na miaka saba. Mimi njo nilificha, wakati wa kuposa nilimukataza kusema, nikamwambia, «Nani atakupa binti?», na dawa alikunywa kwa kujificha, siku zingine akaiacha, Bintu asione.

Siku ya posho, ni kusema jumamosi, tarehe 11 mwezi wa kumi 2025, saa tatu ya asubuhi, kifafa ilimukamata juu ya farasi mu barabara ya Mudaka, farasi ikasikia mwili wake unalegea, ikasimama, lakini yeye aliteleza, kichwa ikagonga jiwe, na Jamais ilibaki pale juu yake bila kusogeza muguu, watu wanaitupia mawe, wanafikiri inamukanyaga. Kwenye hospitali dokta Laurette aliniuliza, «Maman, yeye iko na ugonjwa fulani?», wakwe walikuwa karibu, nikajibu, «Hapana, ni farasi ilimuangusha.» Kesho yake nilimuambia dokta peke yake ukweli, anasema haingebadilisha kitu, lakini sipati tena usingizi. Akonkwa alituacha tarehe 14.

Toka ile jibu yangu, tonton Jean-Marie, mukubwa wa familia, amemuita mutu wa kuchinja Jamais, muzee Emile amemuachia, leo saa kumi, tukitoka makaburini, na jana alinikaripia, «Maman, ile farasi, nyama ya pori, imeua mutoto wetu, na unaitetea?» Jean-Marie, usiichinje juu ya uongo wangu. Glody, ulikuwa barabarani ile asubuhi, uliona farasi inasimama, ongea mbele ya watu. Elodie na Luc, kifafa haiambukizi, dokta amesema, mutu asiwatenge.

Tunamushukuru dokta Laurette na wauguzi, majirani walioleta viti na maji, muzee Emile na wafanyakazi wote wa ferme.

Wakwe zetu, wa kulaumiwa ni mimi. Yolande akimaliza kusoma, nitatembea mpaka pale Bintu ameketi, sijui kama atanipa mukono.

Akonkwa, mutoto wangu, wewe pumzika kwa amani.