Alois Lugembe, Fundi wa Gari-Nyumba la Zahanati (1911–1959)

Ndugu mliofika hapa Itetemia, Tabora, kumsindikiza kaka yetu, familia imeniomba mimi, mdogo wake Modest, nisome habari hizi za maisha yake.

Marehemu Alois Lugembe alizaliwa tarehe 14 Juni 1911 kijijini Lusu, Nzega, mtoto wa pili wa Mzee Lugembe Mahona na Mama Koleta. Baba yetu, katika ujana wake, alikuwa mpagazi wa misafara, akitembea kwa miguu kutoka Tabora hadi pwani na kurudi. Alois alikulia katika masimulizi ya njia ile.

Mwaka 1922 alianza shule ya misheni Ndala, akamaliza darasa la nne mwaka 1927. Jumapili moja Padre alimwazima baiskeli yake akatembee. Jioni Padre aliikuta pale pale ilipokuwa, mnyororo umesafishwa na kila nati imekazwa. Alois hakuwa ameipanda hata mara moja.

Mwaka 1930 aliajiriwa karakana ya reli hapa Tabora, na mwaka 1938 akahamia magari ya idara ya tiba. Baada ya vita, mwaka 1945, idara ilipewa lori kuukuu la jeshi, naye akaagizwa aligeuze nyumba ya kutembea na kuliendesha yeye mwenyewe, ili waganga waweze kulala, kupika na kutibu watu katika vijiji vya njia ya zamani ya misafara, upande wa Usoke na Urambo. Alijenga chumba cha mbao juu yake, vitanda viwili, kabati la dawa, tangi la maji na jiko la mafuta ya taa. Nafasi ilikuwa finyu, hivyo jiko aliliweka karibu na mlango, na mlango ulikuwa mmoja tu.

Mchana wa tarehe 9 Agosti 1947, karibu na Usoke, alikuwa chini ya gari akibadilisha tairi, jiko likalipuka. Ndani walikuwamo watu wawili, mganga Mzee Shomari na muuguzi Pelagia. Moto uliziba mlango. Alois alichukua mtaimbo akabomoa mbao za nyuma. Pelagia alimsukuma Mzee Shomari atoke kwanza, na yeye akatoka mikono yote miwili imeungua.

Uchunguzi ulisema ni bahati mbaya. Yeye hakuridhika. Alikwenda hospitali, akasimama kando ya kitanda cha Pelagia.

“Dada, jiko niliweka mimi pale mlangoni.”

“Najua, kaka Alois,” Pelagia alijibu. “Sasa nenda ukalitoe.”

Alilitoa. Alijenga gari upya: jiko ndani ya sanduku la bati linalofunguliwa kwa nje, mafuta mbali na vitanda, mlango wa pili nyuma, na ndoo ya mchanga kila upande. Kila alipomaliza kitu alikwenda kumweleza Pelagia, naye alikosoa. Bawaba za mlango wa nyuma alizibadilisha mara tatu, kwa sababu mgonjwa huyo alitaka mlango unaoweza kufunguliwa kwa kiwiko. Watu tulikuwa tumeshachoka kumuuliza Alois ataoa lini. Tarehe 23 Aprili 1949 yeye na Pelagia walifunga ndoa hapa Tabora.

Kuna jambo jingine ambalo yeye mwenyewe alitaka lisemwe. Februari 1953 zilikuja habari za homa ya uti wa mgongo katika kijiji kimoja ng’ambo ya Urambo. Asubuhi ya safari aliona ufa katika mkono wa usukani, chuma kinachogeuza magurudumu, akakataa kuondoka.

“Watu wanakufa kule, wewe unatazama ufa?” mkubwa mmoja wa ofisini alimfokea.

“Bwana, ukikatika tukiwa mtoni, dawa hazitafika kabisa.”

Matengenezo yalichukua siku moja na nusu. Walipofika, mama mmoja aitwaye Minza alikuwa amemzika mwanawe asubuhi ile. Mzee Shomari alianza kueleza habari za mvua na matope. Alois akamkatiza.

“Hapana, mama. Gari lilikuwa bovu, na mimi ndiye niliyelizuia.”

“Ungelitengeneza mapema,” alijibu Minza.

Watu kumi na saba walitibiwa wakapona pale, lakini habari zao hakuzisimulia. Alisimulia za Minza. Tangu safari ile hakungoja tena siku ya kuondoka ndipo akague gari. Alilikagua siku ya kurudi, kabla hata hajanawa vumbi, na vipuri vya usukani na breki vilikaa tayari. Kwa miaka sita iliyofuata gari halikuchelewa safari hata moja.

Mwishoni mwa mwaka 1958 alipatwa na uvimbe tumboni. Alitibiwa hospitali ya Tabora, kisha akarudishwa nyumbani. Dereva aliyempokea kazi, Bwana Masolwa, alikuwa akileta gari hadi uani ili marehemu asikilize injini kupitia dirisha. Pelagia alimsihi apumzike, akacheka tu.

Jumapili tarehe 12 Aprili 1959, asubuhi, alimuuliza mkewe, “Limeondoka?”

“Bado. Masolwa anafunga breki.”

“Asiharakishwe,” alisema. Alifariki saa nne asubuhi hiyo.

Ameacha mjane, Mama Pelagia. Watoto watatu, Josepha, Kasimiri na Benedikta. Mama yetu mzazi, Mama Koleta. Na sisi wadogo zake, Modest na Apolinaria. Gari liliondoka jana kwenda Usoke, kwa ruhusa ya mjane, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakisubiri.

Mungu ampokee kaka yetu Alois, ampumzishe katika amani yake.