Wavuvi Arobaini na Mmoja Wasiolevywa na Bahari

Benchi ni ubao mmoja mnene, umepigiliwa kwenye ukuta wa kibanda cha chambo, upande ambao jua la Novemba hufika kwa saa mbili tu. Kuanzia saa tatu asubuhi hukaa hapo watu watatu na themosi moja ya kahawa. Kuna Siki, anayetia siki katika kila kinachoingia kinywani mwake isipokuwa hiyo kahawa. Kuna Daktari, ambaye udaktari wake wote ni miaka miwili ya kuendesha gari la wagonjwa kabla hajarudi kwenye uvuvi. Na kuna Alban, nahodha, ambaye gati zima linamwita Nguzo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiyumba. Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu alfajiri msimu wa kambakoche ungefunguliwa, na boti zote zingetoka kwa pamoja, zimesheheni madema ya kutegea kambakoche hadi kupita kimo cha mtu. Kabla ya saa sita mchana Alban alitakiwa apeleke ofisini majina ya mabaharia wake watatu. Alikuwa na mawili.

— Na la tatu? Siki aliuliza, huku akimimina.

— Bado.

— Si ulisema Odile?

— Nilisema nitafikiri.

— Mchukue Fidèle, bwana. Yule tumbo lake la chuma. Binti yako mzuri, mchapakazi, lakini bahari haimtaki.

Odile alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kiangazi kizima alikwenda na baba yake kuvua samaki wa chambo, akafanya kazi ya watu wawili, na kila siku akainamia ubavu wa boti akatapika. Hilo peke yake lisingemvunja moyo. Kilichomvunja ni barua. Watafiti wa chuo kikuu walikuja na kiti chao cha kuzunguka, wakapiga kambi wiki mbili kwenye ukumbi wa kanisa, wakitafuta kwa nini bahari humlevya huyu ikamwacha yule. Wavuvi arobaini na mmoja walijaza fomu. Kitini hawakukaa, walisema wana madema ya kutengeneza. Odile alijaza na akakaa. Alimudu dakika mbili na nusu. Barua ikaja kumweleza kwamba hali yake ni kali mno akilinganishwa na wavuvi wa bandari yake, ambao wote waliandika kwamba hawajawahi kulevywa na bahari. Aliisoma mezani kwa sauti, akaikunja. Tangu siku hiyo hakuomba tena ile nafasi ya tatu botini.

— Ni masikio, Daktari alisema. Ndani ya sikio mna maji. Boti ikiinuka, nayo yanacheza. Jicho linakwambia kibanda cha boti kimetulia, sikio linakwambia tunaanguka. Ubongo haujui umwamini nani.

— Sawa. Tumbo linaingiaje hapo? Limemkosea nani?

— Ubongo ukivurugwa hivyo, unadhani umekula sumu. Zamani za kale, dunia ikikuzunguka ujue umeokota uyoga mbaya. Basi unaamrisha: toa vyote!

— Hayo umeyatoa wapi?

— Kwa yule dada wa kile kiti. Na akasema wenyewe bado wanabishana. Ila hili wana hakika nalo: mtu ambaye sikio lake la ndani limekufa kabisa, bahari haimlevyi.

— Basi ni kuziba masikio tu.

— Siyo kuziba, we!

— Sikiliza. Marehemu mjomba wangu Onésime alitia pamba masikioni maisha yake yote. Hakutapika hata siku moja.

— Onésime alikuwa fundi viatu! Alipanda boti lini?

— Si ndiyo nakwambia? Pamba.

Daktari aligeukia ukuta kwa muda, kama anayeuomba msaada.

— Haya, na kambakoche je? Siki aliendelea. Ametulia zake chini. Unamvuta pima ishirini kwenda juu, mbio mbio. Akifika, mikono imelegea, hana la kusema. Kichefuchefu hicho.

— Kambakoche hana sikio.

— Una hakika?

— Ana punje za mchanga kichwani, karibu na vipapasio. Ndizo zinamwonyesha juu na chini.

— Ana sikio huyo! Sasa nisikilize vizuri. Dunia hii inazunguka, ndiyo au siyo?

— Inazunguka.

— Na mtoto mchanga, miezi sita ya kwanza anafanya nini? Anacheua maziwa kutwa. Kwa nini? Ndiyo anaizoea.

— Hiyo ipeleke chuo kikuu, Daktari akasema.

Alban aliwasikiliza kwa mbali. Alikuwa akilifikiria swali la nne la ile fomu: mara ya mwisho bahari ilikulevya lini? Aliandika: sijawahi. Ni jibu ambalo mtu humpa mgeni, hata kalamu haikusita. Hakuwa na habari kwamba majibu hayo yangejumlishwa, kisha jumla yake ikaletwa nyumbani kwake kwa posta.

Gari la Odile lilisimama mbele ya kibanda. Alishuka, mikono imejaa rangi ya maboya.

— Wazee, habari za kahawa? Baba, kamba zote ziko botini.

— Vizuri, mwanangu.

Hakuondoka. Alisugua rangi kwenye kidole gumba.

— Niwaulize kitu? Nyinyi mlipoanza, mlizoea baada ya siku ngapi? Nataka tu nijue nimepungukiwa kiasi gani.

Siki aliinua macho kutazama hali ya hewa. Daktari naye akaitazama. Ndiyo adabu ya gati hili: mwenzako akienda nyuma ya boti akainama, wewe unatazama mawingu, na mkirudi nchi kavu hakuna aliyeona kitu. Asubuhi ile hapakuwa na wingu hata moja.

— Mimi sijazoea, Alban alisema.

— Nini?

— Huu ni mwaka wa thelathini na nne. Kila msimu, siku ya kwanza. Miaka mingine na ya pili.

Siki alikohoa, ingawa hakuwa amekunywa kitu. Odile alimtazama baba yake kama mtu anayepiga upya hesabu ndefu.

— Huwa unakwenda wapi?

— Nyuma, mkono wa kushoto. Kulia ndiko tunakovutia madema.

— Na mimi?

— Hapo hapo, Alban alisema. Tutapokezana.