Mwakilishi Asiye na Chama

Shitanda aliwabeba abiria wawili wasiojuana kutoka Kisian, na kabla hajatia gia ya pili tuktuk yake ilikuwa imegeuka bunge.

"Mzee, mimi hupigia kura alama ya chama tu," alisema Mama Nasike, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. "Huyo mwakilishi wa wadi alishindana na wakubwa wa chama, wakamfukuza."

"Alikataa zabuni ya maji ya Nyalenda ipewe shemeji wa mwenyekiti wa chama," akajibu Mzee Rajnikant. "Sasa anasimama bila chama."

"Ataanguka."

"Huenda."

Shitanda alikaza macho barabarani. Dereva mwenye maoni hulala njaa.

Walipofika Nyalenda, Mama Nasike alishuka na karai lake, akalipa, akaenda hatua tatu, kisha akarudi na kuinama mlangoni.

"Na alama yake mpya ni gani, Mzee?"