Maji ya Bafuni kwa Felisia

Kijiwe cha wazee ni benchi la mbele ya duka la vitenge la maman Victorine, Chaussée de Wavre, huku Ubelgiji, na kina sheria moja: swali likishawekwa pale haliondoki mpaka wazee waafikiane. Rodgers, mwanafunzi kutoka Kisumu, aliiheshimu sheria hiyo, maskini. Jumapili aliwasikilizisha ujumbe wa sauti wa dada yake Felisia, mfanyakazi wa ndani huko Ghuba. Bosi wake kasafiri, kamfungia ndani, na maji ya chupa kayatia kufuli. “Kaka, nchi hii haina mto wala mvua. Haya ya bomba la bafuni yananuka dawa. Yanatoka wapi? Yananyweka?” Leo Ijumaa, mvua inawanyeshea, kahawa mkononi, na wazee bado wanabishana.

— Bon, inatoka mu bahari, alisema papa Ngoy, wanayemwita Profesa. Banatosha chumvi, banabakisha maji.

— Na ile chumvi banatupa wapi? aliuliza Séraphin, aliyepewa jina la Ministre, yaani waziri, kwa wingi wa ahadi.

— Njo ile banapaka ku makayabo, ile samaki ya chumvi tunakulaka hapa! Profesa alijibu.

— Hapana! Banakokota mulima ya barafu na bateau kubwa mu bahari! Ministre alipinga.

— Alors, ukweli ni huu: bananunuaka mawingu ya Ubelgiji, Profesa alimaliza.

Rodgers alichoka.

— Wazee wangu, please. Nimwambie anywe ama asinywe?

— Mutoto, haraka haraka haina baraka, Profesa alimkemea. Na wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Donc ya bafuni ni ya kuoga!

Wakacheka. Rodgers naye akacheka, kwa heshima tu.

Hapo akaja Claudine, muuguzi wa hospitali ya Woluwe, kuchukua kitenge chake. Aliomba kuusikia ule ujumbe, akausikiliza mpaka mwisho.

— Mulimujibu nini?

Profesa akatazama kikombe chake. Ministre akafunga koti. Siku tano zilikuwa zimepita bila Felisia kujibiwa; hofu ilimshika Rodgers, na hasira kwa wazee, na zaidi kwa nafsi yake. Akasimama mvuani, akaandika: “Kunywa, dada. Kunywa tu.” Ujumbe ukatoka, haukufika.

Akapiga. Mwanamke wa mashine ya simu alimjibu kwa Kiarabu, taratibu, kwa adabu.

— Anasema nini? aliuliza Victorine kutoka dukani.

Hakuna aliyejua. Rodgers akapiga tena, na yule mwanamke akarudia maneno yale yale.