Nyumba ya Kupigilia Msumari

Mheshimiwa Mkuu wa Kambi. Mkuu wa Marubani wa shirika la ndege linalompokea mwenzetu. Maofisa na askari wa kikosi. Wake na waume ambao kambi hii isingesimama bila ninyi. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi watoto mliosogea karibu na meza ya keki kwa sababu mnazozijua wenyewe: nawasalimu wote.

Nimepewa heshima ya kumuaga Meja, ambaye nyote mnamwita Rula. Jina hilo nilimpa mimi, siku za mwanzo za mafunzo yake, nilipomkuta anapima kwa rula umbali wa kiti chake cha rubani kutoka kwenye kanyagio. Nilikuwa mkufunzi wake. Baadaye nikatoka jeshini, nikarusha ndege za abiria mpaka umri ukanishusha. Kwa hiyo njia anayoishika leo naijua, na mkinivumilia kidogo nitawaeleza sehemu yake moja tu, ile ambayo haifundishwi darasani. Sitazungumzia kurusha ndege. Nitazungumzia nyumba.

Jeshini, ndugu zangu, nani kati yetu amewahi kuchagua mahali pa kuishi? Unaitwa, unapewa karatasi, unafunga mizigo. Nyumba unakabidhiwa pamoja na funguo na onyo: usipigilie msumari ukutani. Siku ya kuhama, bwana stoo huja na tochi yake, akamulika kuta zote kama daktari anayetafuta donda kooni. Rula na familia yake wamehama mara saba. Kila kambi iliwaaga kwa ngao nzuri ya mbao ya kutundika ukutani, na kila ngao iliingia sandukuni, kwa sababu ukuta wa kuitundika haukuwa wao.

Na mkewe? Binti yangu huyu, maana ndivyo ninavyomwita, ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Waliovunjika miguu hapa wanamjua; mmoja namwona kule nyuma anacheka, ila alipokuwa mikononi mwake hakuwa anacheka. Kila walipohama alianza upya hospitali nyingine, mgeni kuliko wote, mwenye zamu za sikukuu na kabati lisilofungika. Sasa, katika mji huu, hospitali imemwomba aongoze kitengo. Aliwajibu: "Nisubirini kidogo. Mume wangu anahama."

Hapo ndipo Rula alipokuja kwangu, na ramani chini ya kwapa. Ajira mpya ameshaipata. Kituo chake cha kazi ni uwanja mkubwa wa ndege wa jiji, mwendo wa saa moja angani kutoka hapa, na kwa barabara ni siku nzima ya vumbi. Alikuwa amechora duara kuzunguka uwanja huo.

"Mwalimu," akaniambia, "nyumba yoyote ndani ya duara hili inafaa. Nimeshapima."

Hakuwa amekosea hesabu. Rubani mgeni wa shirika hukaa sana zamu ya kusubiri: mwenzake akiugua, simu inalia, naye lazima afike uwanjani upesi. Anayeishi karibu analala kitandani kwake akisubiri. Anayeishi mbali hutangulia siku moja kabla, kama abiria, kwenye kiti kilichobaki, na kama hakikubaki, anarudi nyumbani na begi lake. Wengi huhamia karibu na uwanja na wanafanya vizuri. Asije mtu akatoka hapa na kusema mzee amewasuta.

Lakini nilimuuliza, "Mkeo anasemaje?"

"Amekubali. Yeye kazi anapata popote."

Mtu mwenye akili kama Rula anawezaje kusema neno hilo bila kulisikia? Alilisikia baadaye, na aliyemsikilizisha yuko meza kuu. Mkuu wa Marubani alipomwita kusaini mkataba alimwambia kwa upole kwamba katika shirika cheo cha mtu ni tarehe aliyoingia. Umeja unabaki getini, na aliyeingia jana yuko juu ya aliyeingia leo, hata kama wa leo ameongoza kikosi. Rula alirudi nyumbani uso umemshuka. "Yaani naanza chini kabisa," akamwambia mkewe. "Zamu mbaya zangu, sikukuu kazini, kabati sijui kama lipo."

Mkewe alicheka mpaka akashika meza. "Karibu, mume wangu. Mimi huko nimeishi mara saba. Nitakuonyesha njia."

Basi nikawapa zoezi. Sisi marubani hatupandi ndege mpya kabla ya kukaa kwenye mashine ya mafunzo, ile inayotikisika kama ndege na haiendi popote. Nikasema, na maisha mapya nayo yafanyieni mazoezi. Nikamwomba rubani mmoja rafiki yangu ratiba yake ya mwezi, na Rula, akiwa likizoni, akaishi kwa ratiba ile. Siku za kuwa nyumbani, alikuwa nyumbani. Siku za safari, alibeba begi, akambusu mwanawe, akaenda kujifungia nyumba ya wageni ya kambi, ghorofa ya juu. Kupiga simu nyumbani hakuna, kwa sababu mtu yuko angani.

Bahati, dirisha la chumba kile linatazama uani kwake.

Mchana mmoja simu yangu ikalia. "Mwalimu, bomba la jikoni limepasuka. Naona maji yanatoka mlangoni. Naomba ruhusa nishuke."

"Uko wapi?"

"Nyumba ya wageni."

"Ratiba inasemaje?"

"Niko angani," akasema.

"Abiria umewaachia nani?"

"Basi nimwambie tu koki kuu iko wapi!"

"Meja, kata simu. Endesha ndege."

Akakaa dirishani, maskini, mikono kichwani. Nanyi mnaweza kumwuliza Mama Pacha, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, maana yumo humu na ndiye aliyepita uani mbio na ndoo mbili, akipiga kelele, "Shoga, zima! Zima upande wa kulia! Si huo, huo ni wa kwangu!" Koki ikapatikana. Maji yakakauka. Halafu wanawake wale wawili wakakaa kwenye ngazi, sketi zimelowa chapachapa, wakacheka kwa muda mrefu kuliko bomba lilivyovuja. Rula aliyaona yote, na jioni alinipigia tena. Hakuzungumzia bomba.

"Mwalimu, lile duara nimelichora vibaya. Nimejiweka mimi katikati, na mimi ndiye sitakuwepo."

Nilifurahi, lakini sikumwachia hapo, kwa sababu mwalimu akisifu mapema mwanafunzi hulegea. Nikawatuma wakalitazame jiji wote wawili, wasije wakaamua kwa hofu. Walifikia kwenye jengo zuri lililo karibu na lango la uwanja. Lifti inafanya kazi, maji hayakatiki, mandhari ya ndege zikitua ni ya kumliza rubani. Rula alisimama kwenye baraza akitaja ndege moja moja. Mkewe akatoka na mfuko wa taka, akagonga mlango wa jirani aulize zinatupwa wapi. Akafungua mtu mwenye pajama, saa sita mchana, jicho moja limefumba.

"Dada, samahani, mimi nimelala. Jaribu mlango wa pale."

Mlango wa pale ulikuwa na kikaratasi: Nimetoka safari, tafadhali usigonge. Wa tatu nao vilevile. Jengo zima mapazia meusi. Akarudi na mfuko wake wa taka, akamwambia mumewe neno ambalo mimi nimelirudia kila mahali:

"Majirani wapo wengi. Ila wote ni wewe."

Walirudi nyumbani. Wasiwasi wa binti yangu, alikuja kuniambia baadaye, haukuwa jiji. Alishahama sana, angehama tena. Alichoogopa ni kwamba atakubali kwa tabasamu, kama kawaida yake, na kwamba hakuna atakayejua alichoacha safari hii. Je, sisi tulioapa kuitumikia nchi, tumewahi kuuliza nani aliapishwa pamoja nasi bila kunyanyua mkono?

Jumapili iliyofuata walipokuwa mezani, Rula aliweka kijiko chini.

"Safari hii nahama peke yangu," akasema. "Ninyi mnabaki. Waambie hospitali wasisubiri tena."

Mkewe akamtazama. "Na simu ikilia ukiwa huku?"

"Zamu ya kusubiri nitaisubiria huko. Kuna chumba tutapanga, marubani wanne. Natangulia siku moja kabla."

"Na ndege ikijaa?"

"Natangulia siku mbili."

"Utachoka, baba."

"Nitachoka. Wewe hukuchoka?"

Hapo, naambiwa, binti yangu aliinuka kwenda kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani. Aliporudi, macho mekundu, akauliza, "Na vyombo vya hicho chumba nani ataosha?"

"Wanasema mgeni ndiye anayeosha."

"Safi sana," akasema. "Sifongo nitakununulia mimi."

Ndugu wageni waalikwa, nyumba wameipata, yao wenyewe, nje ya kambi, nyuma ya hospitali. Si kubwa. Mama Pacha ameshaikagua na kutangaza kwamba jiko limejengwa na mwanamume. Jumatatu binti yangu anaanza kuongoza kitengo, na Rula, askari aliyeamrisha kikosi kizima, atapanda ndege akiwa abiria wa kiti cha mwisho, aende akaanze chini. Nimewafundisha wengi kupaa. Ninayemwonea fahari zaidi ni huyu, ambaye amekubali kuwa mgeni ili mwingine aache kuwa mgeni.

Mheshimiwa Mkuu wa Kambi, utaratibu ni utaratibu, na ngao ya nane ipo hapa, Meja ataipokea. Lakini kwa idhini yako kuna zawadi nyingine. Binti yangu, njoo mbele. Hii ni nyundo, na hii ni pakiti ya misumari. Bwana stoo, zima tochi yako, kuta zile hazikuhusu. Anza na ngao, au anza na picha ya mama yako. Anza popote roho inapopenda.

Naona Meja ameshaanza kupapasa mfuko wa shati. Acha, mwanangu. Safari hii usipime. Mshikie ngazi tu, na akipigilia upande, useme pamenyooka.

Nakushukuruni nyote kwa utulivu wenu, nanyi watoto kwa kutuachia keki kiasi. Nimemaliza, sasa tumsikilize anayeshika nyundo.